CV ya kukufikisha kwenye usaili: mwongozo kamili kwa anayetafuta kazi Mbeya, Iringa na Njombe

Swali ni lilelile, anayeuliza awe ametoka chuo Iringa mjini au amemaliza VETA Mbeya: "Nimesambaza CV kila mahali, mbona siitwi?" Ukiichukua hiyo CV ukaisoma, jibu huwa limo ndani yake. Kurasa nne. Juu kabisa kuna mistari ya sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwepesi kujifunza. Katikati kuna shule zote tangu darasa la kwanza. Kazi alizowahi kufanya kwa mikono yake zimepewa mstari mmoja, au hazimo kabisa. Mara nyingi imechapwa juu ya CV ya mtu mwingine iliyobaki kwenye kompyuta ya steshenari.

Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua na una kanuni moja utakayoikuta kila mahali: kila mstari wa CV uwe jambo ambalo mwajiri anaweza kulithibitisha kwa cheti, kwa swali au kwa kupiga simu. Mstari usiothibitishika unakula nafasi ya mstari wenye nguvu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kuandika mpaka hivi vyote viwe mbele yako:

- Tangazo la kazi lenyewe, zima, likiwa na kumbukumbu namba na tarehe ya mwisho. Picha iliyokatwa ya WhatsApp haitoshi.
- Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, vyeti vya chuo pamoja na transkripti.
- Kitambulisho cha NIDA, au namba yake.
- Barua za fildi, za kujitolea, na hati ya utumishi kutoka kwa mwajiri wa zamani kama unaye.
- Namba za simu za watu watatu wanaojua kazi yako.
- Daftari na kalamu.
- Simu yenye programu ya kuandikia kama Google Docs au WPS, au pesa ya saa chache steshenari.

Kuhusu hati ya utumishi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati hiyo ajira inapokoma. Wengi huondoka bila kuiomba. Kama uliondoka bila hiyo, rudi ukaiombe kwa adabu. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko aya nzima ya maneno yako.

## Hatua ya 1: Soma tangazo ukiwa na kalamu

Gawanya ukurasa wa daftari mara mbili kwa mstari wa katikati. Kushoto andika kila kitu tangazo linachotaka, kimoja kimoja. Kulia, mbele ya kila hitaji, andika ushahidi ulionao.

Tuseme kampuni ya kununua parachichi Njombe inatafuta mtu wa kusimamia mapokezi ya mazao. Inataka cheti cha kilimo, uzoefu wa kutunza kumbukumbu, uwezo wa kufanya kazi na wakulima. Kulia kwako: cheti cha chuo cha kilimo, daftari la mizani ulilolishika msimu mzima ghalani, mikutano ya kikundi cha wakulima uliyokuwa katibu wake. Hapo tayari una kiini cha CV.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba anayechambua maombi ana lundo mbele yake na orodha ya vigezo mkononi. Anatafuta vigezo vyake. Kama amevikosa kwenye ukurasa wa kwanza, huenda asifungue wa pili.

Angalia hapa: tangazo likisema sifa fulani ni ya lazima na wewe huna, usiizungushie maneno. Tafuta nafasi nyingine. Ila likisema "itakuwa nyongeza", omba bila woga.

Kazi nyingi za huku kwetu hazitangazwi. Viwanda vya mbao Mafinga, mawakala wa forodha Tunduma, nyumba za wageni Iringa zinazopokea watalii wa Ruaha, mashamba ya mpunga Mbarali: wengi huchukua mtu kwa kuulizana. Katika hali hiyo nenda uangalie kazi inavyofanyika, uliza getini au mapokezi wanahitaji watu wa aina gani, kisha jaza upande wa kushoto mwenyewe.

Utajua umefanikiwa pale zaidi ya nusu ya mistari ya kushoto itakapokuwa na kitu cha kweli upande wa kulia.

## Hatua ya 2: Linganisha majina na tarehe kwenye nyaraka zote

Hatua hii haina raha, na ndiyo inayowaangusha watu wenye sifa nzuri.

Panga vyeti mezani kwa mstari. Soma jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, chuo na NIDA, herufi kwa herufi. Je, kuna mahali jina la babu limeingia na kwingine halimo? Kuna "Mwakyusa" kwenye cheti kimoja na "Mwakiusa" kwenye kingine? Kuna jina la ubatizo lililobadilika njiani?

Kisha tazama tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo ukiandika tarehe tofauti kwenye CV, anayelinganisha ataiona tofauti hiyo bila hata kuuliza.

Andika kwenye CV jina lile lililo kwenye vyeti vya masomo. Kama NIDA inatofautiana, anza taratibu za kusahihisha sasa, kabla tangazo unalolingoja halijatoka. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako ukaulize kosa lako linahitaji nini. Kwa tofauti ya majina, wakili atakueleza kama hati ya kiapo inatosha au unahitaji kusajili mabadiliko ya jina. Mambo haya huchukua muda, na tarehe ya mwisho ya maombi haisubiri.

Onyo ambalo nalisema kwa uzito wote: usibadilishe cheti, usiazime cheti, usiongeze mwaka wala daraja. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali uliwaondoa kazini maelfu ya watumishi wa umma kwa vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wametumikia miaka mingi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoajiri watumishi wa umma, nayo husema wazi kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria.

## Hatua ya 3: Kichwa cha CV

Juu ya ukurasa wa kwanza weka jina lako kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine. Chini yake: namba ya simu, barua pepe, na mahali unapoishi kwa kata au mtaa na mji. "Uyole, Mbeya" inatosha. Kama una sanduku la posta linalopokelewa kweli, liweke.

Usiandike neno "CV" kwa herufi kubwa kama kichwa cha gazeti. Jina lako ndilo kichwa.

Simu iwe inayopatikana. Kama unaishi mahali mtandao unasumbua, tuseme baadhi ya vijiji vya Makete au Ileje, weka namba mbili za mitandao tofauti, na ya pili iwe ya mtu atakayekupa ujumbe siku hiyohiyo. Barua pepe iwe na jina lako. Ile uliyofungua kidato cha pili yenye jina la mchezaji wa mpira iache kwa marafiki.

Kabila, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto, viache nje. Sheria niliyoitaja juu inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Mwajiri havihitaji ili kupima uwezo wako. Picha weka kama imeombwa tu. Namba ya NIDA nayo usiiandike kwenye CV inayozunguka mkononi kwa watu usiowajua. Itaje pale mfumo au tangazo linapoitaka.

## Hatua ya 4: Mwaga kazi zote daftarini

Sasa funga simu. Andika kila kazi uliyofanya tangu umalize shule, yenye mshahara na isiyo na mshahara, bila kuchagua. Fildi. Kujitolea shule ya kata. Duka la mama mdogo Mwanjelwa. Kibarua cha kuchuma chai Rungwe au Mufindi. Kuhesabu mbao Mafinga. Kuendesha bodaboda. Kukaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha kwa simu. Ukarani wa msimu kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa Mbozi. Uweka hazina wa VICOBA. Kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba.

Vijana wengi huniambia hawana uzoefu, na ninapowauliza walikuwa wapi mwaka jana nasikia habari za kazi ngumu yenye uangalizi wa fedha za watu. Huo ni uzoefu. Mtu aliyefunga hesabu ya floti, yaani salio la wakala kwenye simu, kila jioni pale Kabwe, Mbeya, kwa mwaka mzima bila upungufu amefanya kazi ambayo mhasibu anaielewa mara moja. Msichana aliyebebesha (aliyeunganisha vikonyo kwenye) miche ya parachichi na kuifuatilia mpaka ikauzwa anajua kilimo kwa namna ambayo mwenye cheti kitupu hajui. Inaniuma kuona mambo haya yakiachwa kwa sababu mtu anadhani kazi ni ile yenye ofisi na kitambulisho cha shingoni.

Kwa kila kazi jibu maswali matano kwa sentensi fupi:

1. Ilikuwa wapi, kuanzia mwezi gani wa mwaka gani hadi lini?
2. Nilikuwa nafanya nini kila siku?
3. Ni kitu gani kilikuwa mikononi mwangu: fedha, mzigo, funguo, watoto, kumbukumbu?
4. Kiasi gani: magunia, wateja, wanafunzi, malori?
5. Nani aliniona nikifanya na anaweza kusema?

Swali la nne ndilo watu hulikimbia. Kama huna takwimu kichwani, rudi kwenye madaftari ya zamani, au muulize uliyefanya naye kazi. Usikisie kwa kuvimbisha. "Wateja 20 hadi 30 kwa siku" ikiwa ndiyo kweli ina nguvu kuliko "maelfu ya wateja" ambayo itakutoa jasho kwenye usaili.

Ukimaliza, utakuwa na kurasa mbili au tatu za daftari zilizojaa mambo uliyokuwa umeyasahau.

## Hatua ya 5: Geuza kila kazi kuwa ushahidi

Hapa ndipo CV inapofaulu au kufa, kwa hiyo tenga nusu siku nzima.

Kila mstari uanze na kitendo ulichofanya: nilipokea, nilipima, niliandika, nilifundisha, nilitengeneza, nilisimamia. Kisha kitu chenyewe. Kisha kiasi au matokeo.

Mfano wa kwanza: kibanda cha wakala.

Ilivyoandikwa: "Nimewahi kufanya biashara. Nina uwezo wa kuhudumia wateja na ni mwaminifu."

Inavyotakiwa: "Msimamizi wa kibanda cha wakala wa fedha kwa simu, Kabwe, Mbeya, Machi 2021 hadi Agosti 2023. Nilihudumia wateja 40 hadi 60 kwa siku. Niliandika kila muamala daftarini na kufunga hesabu ya fedha taslimu na floti kila jioni. Nilifundisha wasaidizi wawili waliopokea zamu yangu."

Neno "mwaminifu" limeondoka, lakini anayesoma anamwona mtu aliyeachiwa fedha kwa miaka zaidi ya miwili.

Mfano wa pili: fildi.

Ilivyoandikwa: "Nilifanya mafunzo kwa vitendo halmashauri kwa wiki nane ambapo nilijifunza mambo mengi."

Inavyotakiwa: "Mafunzo kwa vitendo, idara ya kilimo, halmashauri ya wilaya, Julai hadi Septemba 2023. Niliingiza kwenye kompyuta taarifa za wakulima waliojiandikisha kupata mbolea ya ruzuku katika vijiji vitatu. Niliongozana na afisa ugani kutembelea mashamba ya mahindi na kuandika ripoti fupi ya kila ziara."

Mwajiri hatafuti kujua kama ulijifunza. Anatafuta kujua ukikaa kwenye meza yake Jumatatu asubuhi utaweza kufanya nini.

Mfano wa tatu: kibarua.

Ilivyoandikwa: haikuandikwa kabisa, kwa sababu mwenyewe aliiona aibu.

Inavyotakiwa: "Karani wa mzigo, kiwanda cha kupasua mbao, Mafinga, msimu wa 2022. Nilitenganisha mbao kwa ukubwa, nilihesabu mzigo wa kila lori kabla ya kutoka na kulinganisha na hati ya mauzo."

Huyu akiomba kazi ya utunzaji wa stoo, ana la kusema.

Panga kazi kwa kuanza na ya karibuni na kurudi nyuma. Kama una kazi ya zamani inayofanana zaidi na tangazo, ipe mistari minne na hiyo ya karibuni mistari miwili. Ipime nafasi kwa uzito wa kazi mbele ya tangazo, hata kama ilidumu miezi michache.

Pengo la muda likoje? Kama ulikaa nyumbani kumuuguza mzazi, au ulirudi kijijini Kyela kulima mpunga, andika mstari mmoja wa kweli na songa mbele. Pengo lililofichwa kwa kusogeza tarehe hugundulika pale mdhamini anapoulizwa.

Ili kujipima, mpe mtu asiyekujua vizuri asome sehemu hii tu, kisha akueleze ulikuwa unafanya kazi gani. Akiweza kueleza bila kukuuliza, imekaa sawa. Akisema "inaonekana wewe ni mchapakazi", rudi mezani.

## Hatua ya 6: Elimu na mafunzo

Anza na ya juu kabisa, rudi nyuma hadi kidato cha nne. Andika jina la chuo, kozi, miaka. Shule ya msingi iache isipokuwa kazi yenyewe inataka elimu ya darasa la saba.

Ufaulu uandike kama ni mzuri au kama tangazo limeutaja. Kama bado unasoma, sema "naendelea, natarajia kumaliza" na mwaka.

Jambo moja la pembeni kwa mafundi. Kama ulijifunza useremala, umeme wa magari au uashi gereji au saiti na huna cheti, VETA ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa unachokijua, na ukifaulu unapewa cheti. Ulizia VETA Mbeya au Iringa kabla ya kukata tamaa na matangazo yanayotaka cheti.

## Hatua ya 7: Ujuzi na lugha

"Najua kompyuta" haimwambii mtu chochote. Sema unachoweza kufanya nayo: kuandaa orodha ya malipo kwenye Excel na kujumlisha, kuchapa barua, kuskani na kutuma nyaraka. Kama huwezi, usiandike. Siku hizi wengi hukukalisha kwenye kompyuta siku ya usaili.

Leseni ya udereva itaje pamoja na daraja lake.

Lugha zina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili na Kiingereza utaandika, lakini kwa kazi ya shambani, afya ya jamii au kukusanya takwimu, Kinyakyusa Rungwe, Kihehe Kilolo, Kibena Njombe au Kinyamwanga upande wa Tunduma ni ujuzi wa kazi. Wazee wengi husema yaliyo moyoni kwa lugha yao. Weka kiwango: nazungumza vizuri, naelewa. Hapa unataja lugha unayoweza kufanyia kazi, jambo ambalo ni mbali na kutaja kabila.

Mambo unayopenda, kama kusikiliza muziki na kutazama mpira, yaondoe.

## Hatua ya 8: Maelezo mafupi ya juu, yaandike sasa

Mistari mitatu chini ya jina lako. Watu huanza nayo, na ndiyo maana inajaa sifa za hewani. Ukiiandika mwisho, una kazi zako zote mbele yako na unachukua yaliyo bora.

Mfano: "Mhitimu wa astashahada ya kilimo mwenye misimu miwili ya kupokea na kupima parachichi ghalani. Nimetunza kumbukumbu za mizani na malipo ya wakulima. Naomba nafasi ya msimamizi wa mapokezi ya mazao."

Ukibadilisha tangazo, mistari hii mitatu nayo ibadilike. Kama inaweza kutumika kwa kazi ya benki na ya hoteli bila kuguswa, bado haijaandikwa.

## Hatua ya 9: Wadhamini

Matangazo ya serikali huomba wadhamini watatu wa kuaminika, na waajiri wengi binafsi hufuata hivyohivyo. Mdhamini ni mtu aliyekuona ukifanya kazi au ukisoma: msimamizi wa fildi, mwalimu, mwenye duka, mwenyekiti wa AMCOS. Mjomba hafai, hata awe na cheo gani.

Piga simu kwa kila mmoja kabla ya kumwandika. "Shikamoo mama, naomba nafasi ya karani wa stoo Makambako. Naomba nikuandike kama mdhamini wangu. Wakikupigia watauliza kuhusu ule msimu tuliofanya ghalani." Mkumbushe uliyofanya, mtumie CV yako. Mdhamini aliyeshtukizwa atasema "huyu... nadhani namkumbuka", na hapo mlango umefungwa.

Andika jina lake, cheo, mahali, simu na barua pepe. Hakiki namba kwa kuipiga.

## Hatua ya 10: Kuchapa na kupanga ukurasa

Karatasi ya A4. Mwandiko mmoja tu, Arial, Calibri au Times New Roman, ukubwa wa 11 au 12. Pembezoni acha karibu sentimita 2.5. Vichwa vidogo kwa wino mzito. Rangi nyeusi. Maua, fremu na mistari ya rangi huharibika kwenye fotokopi na hazikuongezei kitu.

Urefu: ukurasa mmoja kwa aliyemaliza chuo karibuni, miwili kwa mwenye uzoefu. Tangazo la serikali likitaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, unaweza kufika mitatu kama yaliyomo yanastahili.

Lugha ifuate tangazo. Likiwa la Kiswahili, andika Kiswahili safi. Usiandike Kiingereza usichoweza kukizungumza mbele ya jopo.

Ukienda steshenari, nenda na maneno yako tayari daftarini au kwenye simu. Mwambie anayechapa afungue ukurasa mtupu. Usikubali achape juu ya CV ya mwingine. Ndiko yanakotokea majina ya wadhamini wa watu wengine na barua zinazoomba nafasi ya udereva kwa mtu wa uuguzi. Kaa naye mpaka mwisho. Soma kwa sauti ya chini mstari kwa mstari, hasa namba za simu. Kisha omba nakala mbili: moja ya Word ya kurekebisha baadaye, moja ya PDF ya kutuma, kwa sababu PDF haipanguki ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Jitumie zote kwa barua pepe, toka kwenye akaunti yako, na futa faili lako kwenye kompyuta yao pamoja na lile lililoko kwenye kapu la takataka.

## Hatua ya 11: Kutuma

Kwa barua pepe. Jina la faili liwe jina lako na nafasi, siyo "cv mpya mwisho 2". Kwenye mada andika nafasi na kumbukumbu namba ya tangazo. Ndani andika mistari minne: salamu, nafasi unayoomba, sababu moja kubwa inayokufanya ufae kwa kazi hiyo, na orodha ya ulivyoambatisha. Usitume barua tupu yenye viambatisho. Usitume kwa kampuni kumi kwa mkupuo mmoja. Kila mmoja ataona anwani za wenzake.

Kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira. Jaza wasifu wako mapema, wakati hakuna tangazo linalokubana, kwa kuwa siku za mwisho watu huwa wengi. Yale uliyoyaandika kwenye CV na yale unayoyajaza mfumoni yafanane mpaka kwenye miezi. Ambatisha vyeti kamili: matangazo ya Sekretarieti hurudia kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita na matokeo ya awali ya chuo havikubaliwi badala ya cheti. Barua ya maombi iwe na sahihi yako. Soma masharti ya kila tangazo upya, likiwemo la vyeti kuthibitishwa na wakili.

Kwa mkono. Bahasha ya kaki bado inatembea sana mikoa yetu, na si vibaya. Andika juu yake nafasi unayoomba. Ndani: barua, CV, nakala za vyeti kwa mpangilio huo. Vyeti halisi baki navyo. Mvua za Mbeya na Tukuyu hazina huruma kwa karatasi, hivyo tia bahasha ndani ya nailoni. Ukifika mapokezi, salimia, taja jina na nafasi, uliza kama kuna daftari la kusaini na jina la aliyepokea.

Onyo la mwisho kwenye kutuma: mtu akikuomba pesa ya fomu, ya usaili au ya "kukuunganisha", ondoka. Akikutaka umtumie picha ya NIDA na vyeti vyote kwa WhatsApp kabla hujaijua ofisi yake, usitume. Ofisi iliyojiandika iko Mbeya mjini unaweza kuifikia kwa nauli ya daladala ukajionea.

## Baada ya kutuma

Fungua ukurasa wa daftari wenye nguzo tano: tarehe, kampuni, nafasi, toleo la CV ulilotuma, majibu. Ukipigiwa simu wiki tatu baadaye ukiwa sokoni, utahitaji kujua ni kazi gani inayozungumziwa.

Simu weka chaji na pokea namba ngeni kwa jina lako. Kwa kazi za serikali, fuatilia orodha ya walioitwa kwenye usaili, usingoje kupigiwa.

Kwa kampuni binafsi, baada ya wiki moja tangu tarehe ya mwisho unaweza kupiga simu mara moja, kwa heshima, kuuliza kama maombi yalifika. Mara moja tu.

Ukiitwa, chapa toleo lilelile ulilotuma uende nalo pamoja na vyeti halisi, na usiku wa kuamkia siku hiyo pitia kila mstari ukijiuliza: wakiniuliza hapa, nitaeleza nini? Ukikuta mstari usioweza kuueleza kwa dakika moja, uandalie maelezo yake ya kweli usiku huohuo, kisha uurekebishe kwenye nakala ya Word kwa ajili ya ombi linalofuata.